Mkia wa ndege isiyo na mkia uko wapi?

Swali la msomaji: Mimi ni fundi wa redio hapa Morogoro, na katika muda wangu wa ziada huunda ndege ndogo za kurusha kwa mkono. Nimekata bawa tupu kutoka kwenye ubao wa stirofomu, urefu wake sentimita 80 na upana sentimita 16, bila mwili wala mkia. Nikilirusha hupinduka kinyumenyume na kubingirika mpaka chini. Nilipobandika sarafu nne za shilingi 200 kwenye ukingo wa mbele, likachoma ardhini kama jembe. Nasikia kwamba huko Ulaya watu walirusha glaida, yaani ndege zisizo na injini, zisizo na mkia tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waliwezaje? Na kama waliweza, mbona ndege karibu zote tunazoziona bado zina mkia?

Jibu: Ndugu msomaji, majaribio yako mawili yameshindwa kwa sababu mbili tofauti, na ukizielewa sababu hizo utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya yale yaliyowasumbua waundaji wa mwanzo. Kwa hiyo nitaanza na stirofomu yako kabla ya kwenda Ulaya.

Bawa bapa lenye unene sawa kote lina kitovu cha uzito katikati ya upana wake, ambako kwako ni sentimita 8 kutoka ukingo wa mbele. Hewa, hata hivyo, hailiinui bawa kutoka katikati. Kwa mabawa ya kawaida yanayokwenda kwa mwendo wa chini ya kasi ya sauti, kila nyongeza ya kani ya kuinua inayotokana na bawa kunyanyua uso wake hutenda kwenye nukta iliyo karibu na robo ya upana, yaani kama sentimita 4 kutoka ukingo wa mbele wa bawa lako. Uzito ulikuwa nyuma na kani ya kuinua mbele. Upepo ulipoinua uso wa bawa kidogo tu, kani ya mbele iliongezeka, ikauinua zaidi, ikaongezeka tena, na mwisho wake ni kule kubingirika ulikokuona. Sarafu zako nne zilisogeza kitovu cha uzito mbele ya ile robo. Hapo ulifanya jambo sahihi kabisa, ingawa matokeo yalikuvunja moyo, kwa sababu sasa bawa likinyanyua uso, kani ya kuinua iliyo nyuma ya uzito huurudisha chini. Tatizo ni kwamba hakuna kitu chochote kinachouzuia uso huo usiendelee kwenda chini. Bawa lilikuwa tulivu, lakini utulivu wake ulikuwa wa kuelekea ardhini.

Katika ndege ya kawaida kazi ya kuzuia hufanywa na mkia. Wasafiri wengi hudhani kwamba bawa dogo la nyuma husaidia kuibeba ndege, kumbe mara nyingi husukuma chini: linakandamiza nyuma ili pua isianguke, kama mtu anayekalia upande mmoja wa mizani. Kwa kuwa liko mbali na kitovu cha uzito, mkono wake wa wenzo ni mrefu, na kani ndogo tu inalitosha. Umbali huohuo huleta faida ya pili, ambayo wengi huisahau, nayo ni kutuliza mitikisiko. Pua ikiyumba juu na chini, mkia hupiga hewa kama kasia lililozamishwa majini na kulizima yumbo hilo haraka. Kisha kuna bawa la wima la mkiani, linalofanya kazi ya manyoya ya mshale. Kwa hiyo anayetaka kuuondoa mkia hana budi kuzipangia kazi hizi tatu mahali pengine ndani ya bawa lenyewe. Waundaji wote nitakaowataja hawakuufuta mkia. Waliuficha, na wanatofautiana katika mahali walipouficha na gharama waliyolipa.

Mwalimu wa kwanza alikuwa mbegu. Katika misitu ya Java na visiwa jirani kuna mmea utambaao, wa ukoo mmoja na maboga na matango yetu, ambao wakati ule wataalamu waliuita Zanonia na leo unaitwa Alsomitra macrocarpa. Tunda lake huning'inia juu mitini na kudondosha mbegu ambazo kila moja imezungukwa na utando mwembamba kama karatasi, wenye upana wa sentimita 13 hivi au zaidi kutoka ncha hadi ncha. Mbegu yenyewe, iliyo nzito, imekaa karibu na ukingo wa mbele. Ncha za utando zimerudi nyuma, na ukingo wa nyuma umepinda kuelekea juu. Tazama jinsi maumbile yalivyofanya: sarafu zako zimo, na ule msukumo wa chini uliokosekana kwako umo pia, kwa sababu ukingo uliopinda juu husukuma hewa juu, nayo hewa huukandamiza chini. Mwaka 1897 Profesa Friedrich Ahlborn wa Hamburg aliandika juu ya utulivu wa mbegu hii, na maandishi yake yakaifikia familia ya Etrich huko Bohemia, iliyokuwa sehemu ya Austria-Hungaria.

Hapa niruhusu neno la pembeni. Watu wa Afrika Mashariki wanaweza kuuliza kwa nini wasiige pungu, yule tai wa nyika zetu ambaye mkia wake ni mfupi mno hata miguu huupita anaporuka, na ambaye jina lake la kisayansi, Terathopius ecaudatus, linabeba neno la Kilatini lenye maana ya kukosa mkia. Pungu hupaa kwa ustadi wa ajabu, lakini kwa mwanzo wa kazi hii yeye ni mwalimu mdanganyifu. Anatumia misuli na ubongo kurekebisha mabawa yake bila kukoma, na ile namna yake ya kuyumba kushoto na kulia angani ni dalili ya kazi hiyo. Mbegu haina misuli wala akili. Ikitulia angani, imetulizwa na umbo lake peke yake, na umbo ndilo kitu ambacho seremala wa mwaka 1900 aliweza kulinakili.

Igo Etrich na mwenzake Franz Wels waliunda glaida kubwa yenye umbo la mbegu ile, wakairusha kwanza mwaka 1904 ikiwa imebeba mzigo wa mchanga badala ya mtu, na mwaka 1906 Wels akapaa nayo yeye mwenyewe. Iliruka vizuri. Hata hivyo, walipotia injini mambo yaligeuka, kwa sababu injini huleta mtetemo, msukumo wake, na uzito usiokaa pale unapoutaka, na utulivu wa mbegu haukutosha kuyamudu hayo yote. Etrich akarudisha mkia. Ndege iliyotokana na uamuzi huo, iliyopewa jina la Taube, yaani njiwa, ilipata umaarufu mkubwa kuanzia mwaka 1910, na mabawa yake bado yalionyesha umbo la mbegu ya Java. Nadhani inafaa kukumbukwa kwamba mtu wa kwanza kuinakili mbegu kwa ufanisi ndiye pia alikuwa wa kwanza kuiacha.

Aliyeng'ang'ania alikuwa John William Dunne, afisa wa jeshi la Uingereza aliyepata kutumika katika vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Alifanya kazi katika karakana ya maputo ya jeshi huko Farnborough, na mwaka 1907 na 1908 majaribio yake yalifanyika kwa siri katika ardhi ya Duke of Atholl, huko Blair Atholl, Scotland. Glaida yake ya kwanza, D.1, iliendeshwa na mkuu wake, Kanali John Capper, kwa kuwa afya ya Dunne haikuwa nzuri. Ilikaa hewani sekunde 8 hivi kisha ikagonga ukuta. Sekunde 8 hazionekani kuwa nyingi, lakini zilitosha kumwonyesha Dunne kwamba chombo chake kinajisawazisha chenyewe. Serikali haikuridhika kama yeye, na mwaka 1909 ikaacha kumgharamia, naye akaendelea kwa fedha za marafiki.

Ubunifu wa Dunne uko katika umbo la V. Aliyarudisha mabawa nyuma kwa pembe kubwa, hata ncha zake zikawa nyuma sana ya kitovu cha uzito, kisha akayasokota kidogokidogo kutoka katikati kwenda nje, ili sehemu ya katikati ipokee upepo kwa pembe ya kutosha kuinua, na ncha ziwe zimeinamisha uso, zikiinua kidogo sana au kukandamiza chini. Ncha hizo ndizo mkia. Zinafanya kazi ileile ya bawa dogo la nyuma, ila badala ya kushikiliwa na mwili mrefu wa ndege zinashikiliwa na bawa lenyewe. Vibawa vya kuongozea viliwekwa hukohuko nchani: vikiinuka pamoja ndege hupandisha pua, na kimoja kikiinuka huku kingine kikishuka ndege hulala upande. Msokoto ule ulileta zawadi nyingine. Ndege ikipunguza mwendo mno, hewa hubanduka juu ya bawa na kani ya kuinua hupotea ghafla. Katika ndege ya Dunne hilo hutokea kwanza katikati, ambako ndiko mbele, kwa hiyo pua huinama yenyewe, mwendo unarudi, na rubani anaweza asijue kwamba alikuwa karibu na ajali.

Tarehe 20 Desemba 1910, huko Eastchurch katika kisiwa cha Sheppey, Dunne alipanda na ndege yake ya D.5 mbele ya watazamaji, akiwemo Orville Wright, akaachia usukani wote na kuandika maneno kwenye karatasi akiwa angani. Ndege ya ndugu wawili Wright, ambayo rubani wake hakuthubutu kuachia vidhibiti hata kidogo, ndiyo iliyokuwa kipimo cha dunia wakati ule, kwa hiyo tendo hilo lilikuwa hoja nzito kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1913 rubani Mfaransa, Felix, aliivusha D.8 kutoka Eastchurch hadi karibu na Paris. Lakini majeshi yaligundua kitu ambacho Dunne hakutaka kukisikia: ndege inayopenda kukaa sawa haipendi kugeuzwa. Vita vilipoanza mwaka 1914 walitakiwa marubani wanaoweza kugeuka upesi, na ndege tulivu kupita kiasi ikakosa mnunuzi.

Baada ya vita hivyo mkataba wa Versailles uliibana Ujerumani katika ndege za injini, na vijana wake wakahamia kwenye glaida, hasa kwenye mlima wa Wasserkuppe katika milima ya Rhön. Humo ndimo bawa tupu lilipokua, si bila damu. Mwaka 1921 glaida iitwayo Weltensegler, iliyobuniwa na Friedrich Wenk ikiwa na mabawa yaliyorudi nyuma bila mkia, ilivunjika angani ikamuua rubani wake. Alexander Lippisch alianza katika mlima huohuo, na kuanzia mwaka 1927 akaunda mfululizo wa glaida alizoziita Storch, yaani korongo, akibadilisha ncha za mabawa toleo baada ya toleo mpaka zikatii. Kwingineko, Boris Cheranovsky wa Urusi ya Kisovieti alirusha mwaka 1924 bawa lenye umbo la parabola, na Geoffrey Hill wa Uingereza, aliyechoshwa na vifo vya marubani ambao ndege zao zilipoteza mwendo na kuzunguka hadi chini, aliunda glaida ambayo ncha zake nzima ziligeuka kwenye mhimili.

Wao wote, hata hivyo, walibakisha kitu fulani: mwili mfupi au vibawa vya wima. Walioamua kuondoa kila kisichokuwa bawa walikuwa ndugu Walter na Reimar Horten wa Bonn. Glaida yao ya kwanza, H I, waliijenga nyumbani kwa wazazi wao, ikaruka mwaka 1933 Reimar akiwa bado hajafika miaka 20. Iliyofuata, H II, ya mwaka 1935, ilimlaza rubani ndani ya unene wa bawa ili asiongeze ukinzani wa hewa, na H IV ya mwaka 1941, yenye mabawa ya mita 20 hivi, ilimtaka apige magoti akiegemeza kifua, mithili ya mtu aliye katika sala. Ukiiangalia picha yake hutaona pa kusema "hapa ndipo ndege inapoanzia na hapa bawa linaishia."

Swali gumu kwa Horten halikuwa tena pua kupanda na kushuka, kwa sababu mabawa yaliyorudi nyuma na kusokotwa yalikwisha kulijibu. Lilikuwa swali la kugeuka. Unapotaka kulaza ndege kulia, unaliongezea bawa la kushoto kani ya kuinua, lakini kani hiyo huja na ukinzani zaidi upande uleule, kwa hiyo pua huvutwa kushoto, kinyume cha unakotaka kwenda. Usukani wa mkiani hurekebisha kosa hilo. Asiye na mkia afanye nini? Reimar alipanga msokoto ili kani ya kuinua iwe kubwa katikati na ipungue taratibu sana kuelekea nchani, mgawanyo ambao ukichorwa hufanana na kengele. Karibu na ncha za bawa la namna hiyo hewa huwa inapanda, na kani ya kuinua iliyo katika hewa inayopanda huegemea mbele kidogo. Kwa hiyo ukiiongeza pale nchani, bawa huvutwa mbele badala ya nyuma, na pua huelekea unakogeukia. Katika utendaji Horten walihitaji pia vibao vidogo vya breki nchani, na sitakuficha kwamba wapenzi wa ndege hizi hupenda kulisahau hilo.

Gharama ya kengele inajulikana kwa hesabu. Kwa urefu uleule wa bawa na uzito uleule, ukinzani unaotokana na kuinua huwa mkubwa kwa theluthi moja kuliko wa mgawanyo bora wa umbo la duaradufu. Ila Ludwig Prandtl wa Göttingen, mtaalamu wa sayansi ya mwendo wa hewa, alionyesha mwaka 1933 kwamba ukihesabu uimara wa bawa badala ya urefu wake, picha inabadilika: bawa la kengele linaweza kurefushwa kwa asilimia 22 bila kuhitaji mihimili mizito zaidi, na likirefushwa hivyo ukinzani huo hupungua kwa asilimia 11. Wanaobishana juu ya bawa tupu mara nyingi hubishana bila kusema wameshika kipimo kipi.

Sasa kuhusu swali lako la pili. Ndege isiyo na mkia inaokoa uzito na ukinzani wa mwili na mkia, jambo ambalo ni kweli, lakini inalipa mara kadhaa. Sehemu ya bawa inayokandamiza chini ni sehemu isiyobeba, kwa hiyo bawa lazima liwe kubwa zaidi. Mkono wa wenzo ni mfupi, kwa hiyo mitikisiko hutulizwa polepole na mizigo haiwezi kupangwa mbali na nukta moja. Hebu fikiria abiria 150 wakitembea kwenda msalani. Tena, ndege za abiria huteremsha vibao vikubwa kwenye ukingo wa nyuma ili zitue kwa mwendo mdogo, vibao ambavyo huinamisha pua kwa nguvu, na bila mkia hakuna cha kuivuta irudi. Na kwa kuwa mitikisiko hutulizwa polepole, Jack Northrop wa Marekani, aliyerusha bawa lake la jeti YB-49 mwaka 1947, alipata taabu na pua iliyoyumba kushoto na kulia, na wazo lake lilisubiri kompyuta za kuongoza ndege mpaka ndege ya kijeshi ya Marekani, B-2, iliporuka mwaka 1989, ikiwa na mabawa ya mita 52.4, urefu uleule wa YB-49. Kompyuta ile hufanya kazi ya misuli ya pungu. Kwa upande wa glaida, Mfaransa Charles Fauvel alithibitisha kwamba bawa lililonyooka kama lako linatosha: AV.36 yake, iliyopaa mara ya kwanza mwisho wa mwaka 1951, ilikwenda kama mita 24 mbele kwa kila mita 1 ya kushuka, na zaidi ya 100 ziliundwa. Lakini glaida bora za leo zenye mkia hupita mita 50.

Rudi basi kwenye stirofomu yako, na sarafu usizitoe. Hakikisha bawa linasawazika ukilishika kwa ncha za vidole kwenye mstari ulio kama sentimita 3.2 kutoka ukingo wa mbele. Kisha, kwenye sehemu ya katikati ya ukingo wa nyuma, kunja ukanda wenye upana wa sentimita 2 uelekee juu kwa milimita 2 au 3, ukitia mkunjo kwa kisu butu na kuushika kwa utepe wa gundi. Hilo ndilo bawa la Fauvel. Rusha kwa upole, kuelekea chini kidogo, mahali pasipo na upepo. Likichoma chini, ongeza mkunjo kwa nusu milimita; likipanda, likasimama na kuanguka kwa mawimbi, punguza. Likizunguka kama tiara iliyokatika mkia, bandika kibao kidogo cha wima kila nchani.

Likikutii, jaribu la Dunne: kata bawa katikati, unganisha nusu mbili zikiwa zimerudi nyuma kwa nyuzi 20 kila upande, na usokote ncha mpaka ukingo wake wa nyuma uwe juu kwa milimita 5 au 6 kuliko ule wa katikati. Kitovu cha uzito sasa kiwe sentimita 10.5 hivi kutoka kwenye pua, na kwa kuwa pua imekwenda mbele na kupata mkono mrefu wa wenzo, utaona kwamba huenda sarafu moja, na kipande kidogo cha udongo wa kufinyanga, vikatosha mahali palipohitaji nne.